Kome wa Visiwa vya Ssese, Ziwa Victoria: mwongozo kamili wa kukusanya, kuhifadhi na kutambua spishi

Sampuli nyingi za kome ninazoletewa nizitambue huwa zimeharibika kabla sijazigusa. Kome ametumbukizwa kwenye spiriti akiwa amefumba. Spiriti haikupenya, nyama imeoza humo ndani, na chupa ikifunguliwa chumba kizima kinakimbiwa. Au lebo imeandikwa kwa kalamu ya wino, wino ukayeyuka, imebaki karatasi nyeupe. Au hakuna sampuli kabisa, ipo picha ya simu inayoonyesha mgongo wa gamba, na swali: "Huyu ni spishi gani?" Kwa mgongo peke yake, mara nyingi hakuna mtu awezaye kujibu.

Wanaoshindwa si wavivu. Ni wanafunzi wa vyuo, walimu wa baiolojia, maofisa wa uvuvi, watu makini. Wanadhani kazi ngumu iko maabara, ilhali mambo huharibikia mwaloni, pale boti zinapotua, ndani ya saa chache baada ya kome kutoka majini. Kwa hiyo nimekaa zaidi kwenye saa hizo.

Hapa nikisema kome ninamaanisha kila mnyama wa majini mwenye magamba mawili yaliyoungwa kwa bawaba, chaza wa mtoni akiwemo. Konokono hawamo, ingawa utachota wengi.

## Vifaa, kabla hujapanda feri

Ukishafika Kalangala, wilaya ya visiwa hivi upande wa Uganda, hutapata kitu cha maabara. Nunua kila kitu Kampala, Entebbe au Masaka.

- Spiriti ya ethanoli ya asilimia 95 au zaidi. Waragi wa chupa una alkoholi ya karibu asilimia 40: utawachangamsha mabaharia lakini hautahifadhi nyama. Spiriti ya taa yenye rangi nayo iache.
- Mentoli ya fuwele, ya duka la dawa.
- Chujio mbili, moja ya tundu la milimita 1 na nyingine ya nusu milimita. Ukikosa ile kubwa, kipande cha chandarua kilichopigiliwa kwenye fremu ya mbao kinasaidia.
- Fremu ya waya ya sentimita 50 kwa 50, reki ndogo, koleo la mkono, ndoo, mabeseni mawili meupe.
- Chupa za plastiki zenye mdomo mpana na mfuniko wa kukaza, na vichupa vya mililita 2 vya vipande vya nyama.
- Karatasi nene isiyolainika majini, na penseli. Kalamu za wino ziache nyumbani.
- Kibano, mkasi mdogo, kisu chembamba butu, vijiti vya kiberiti, uzi wa kushonea.
- Kalipa ya kupimia na kioo cha kukuza mara 10.
- Simu yenye GPS, chaja ya kubebeka, rula ya kuweka kando ya kome unapopiga picha.
- Gambuti ndefu au suruali ya mpira, glovu ndefu za mpira, na koti la kuelea kwa kila atakayekaa ndani ya boti.

Formalini sikuitaja kwa makusudi. Huvunja DNA, na isipopunguzwa ukali ni tindikali inayolamba gamba polepole mpaka meno ya bawaba, yale matuta madogo yanayofungamanisha magamba mawili, yanafutika. Ukikuta mtu anakupendekezea formalini kwa kome, mshukuru, halafu usiitumie.

## Hatua ya 1: Ruhusa

Utafiti wa kisayansi nchini Uganda hupitia Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, UNCST. Sampuli ikivuka mpaka, hata kipande cha nyama cha ukubwa wa punje ya mchele kinachopelekwa kusomwa DNA, inaingia kwenye kanuni za mwaka 2005 za rasilimali za kijenetiki, na hapo kuna mamlaka ya mazingira, NEMA. Anza mapema. Sehemu kubwa ya misitu ya Ssese ni hifadhi za serikali, kwa hiyo ukitaka kupita msituni kufika ufukweni, zungumza na Mamlaka ya Misitu, NFA.

Karatasi za Kampala peke yake hazitoshi. Nenda kwa ofisa wa uvuvi wa wilaya, kisha kwa mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, na viongozi wa mwalo wenyewe. Salimia kwanza, kaa, eleza unachotafuta, waonyeshe gamba. Wazee wa mwaloni wanajua kome wako wapi kuliko ramani yoyote.

Onyo moja: usiburute wavu wowote ufukweni, hata uwe mdogo. Kokoro limepigwa marufuku Uganda, na askari wa doria hawatasimama kusikiliza hadithi ya sayansi wakikuona ukivuta wavu kuja nchi kavu. Tumia fremu, koleo na chujio.

Umefaulu hatua hii ikiwa mtu wa mwaloni amejitolea kwenda nawe.

## Hatua ya 2: Chagua mahali kwa aina ya makazi

Kosa la kawaida ni kupanga safari kwa idadi ya visiwa. Ssese ina visiwa 84, na mtu hujiambia kwamba kadiri anavyofika vingi ndivyo atakavyopata spishi nyingi. Ingekuwa hivyo kwa visiwa vya katikati ya bahari kuu. Ssese imekaa ndani ya ziwa ambalo kina chake kirefu hakizidi sana mita 80, na ambalo lilikauka miaka ipatayo 15,000 iliyopita. Kisiwa kipya hapa hakimaanishi spishi mpya.

Kuna na sababu nyingine. Mabuu wa kome wakubwa wa maji baridi hujishika kwenye samaki ili wakue. Geoffrey Fryer, aliyefanya utafiti Jinja, alieleza mwaka 1961 jinsi mabuu wa *Mutela bourguignati* wanavyokua wakiwa wamejipachika kwenye samaki tunayemwita kisinja. Samaki akihama, kome amehama. Ndiyo maana kwenye daftari lako panahitajika pia mstari wa samaki wanaovuliwa pale; waulize wavuvi.

Basi tafuta makazi manne, hata kama yote yako kwenye kisiwa kimoja cha Bugala, kilicho kikubwa kuliko vyote.

Mchanga unaopigwa na mawimbi, kina cha magoti hadi kiuno: hapa ndipo utakapopata kome wa *Coelatura* na *Corbicula* (namna ya kuyatambua makundi haya iko Hatua ya 8). Ghuba tulivu zenye tope laini: kome wadogo wa *Sphaerium*, na wakati mwingine *Mutela* waliojizika wima. Miamba: chaza *Etheria*. Mizizi ya mafunjo na gugu maji: kome wadogo sana wa *Eupera*, waliojifunga kwa nyuzi zao wenyewe. Makazi haya ya mwisho karibu kila mtu huyaruka kwa sababu hakuna kinachoonekana kwa macho.

## Hatua ya 3: Kichocho, upepo na kiboko

Usiruke sehemu hii. Kichocho kimejaa visiwani, na konokono wanaokibeba wanaishi kwenye maji yaleyale ya kina kifupi unayoyataka. Dakika chache za ngozi kuguswa na maji zinatosha kuambukizwa. Vaa gambuti na glovu kila unapoingia, hata kama watoto wa mwaloni wanaogelea kando yako wakikucheka.

Maji ya kusafishia sampuli yachote siku mbili kabla na uyaache yatulie kwenye jerikeni, au tumia maji ya mvua. Vijidudu vya kichocho vilivyo huru majini havidumu muda huo. Ukilowa hata hivyo, usikimbilie kumeza dawa kesho yake: prazikwanteli huua minyoo iliyokomaa, michanga huiacha. Nenda kituo cha afya ukapimwe wiki 6 hadi 8 baadaye, na useme wazi kwamba uliingia ziwani.

Radi na dhoruba za ziwa hili hupenda kuja usiku wa manane hadi asubuhi. Usiondoke kabla hujaona mawingu kwa macho yako, na kama nahodha amesema hatutoki, hamtoki. Kwenye mafunjo, muulize mwenyeji kuhusu viboko na mamba kabla ya kutia mguu, na uulize tena siku inayofuata.

## Hatua ya 4: Kukusanya

Kwenye mchanga, laza fremu, chimba kwa kina cha sentimita 10 hadi 15, mimina kwenye chujio kubwa juu ya ile ndogo, tikisa ndani ya maji. Rudia mara tano kwenye mstari kutoka ufukweni kwenda ndani. Fremu ina kazi yake: ukisema umekuta kome 12 katika robo ya mita ya mraba, mtu mwingine anaweza kurudi na kulinganisha. Ukisema "wengi", hujasema kitu.

Mizizi ya mafunjo ikate kipande cha urefu wa mkono, iweke kwenye beseni jeupe lenye maji, isuguesugue kwa vidole vyenye glovu, kisha mimina maji kwenye chujio ndogo. Subiri. Vitu utakavyodhani ni mbegu vitaanza kutoa mguu mweupe.

Miamba ina adabu yake. *Etheria* hukaa wakiwa wamegandamana, wazee chini na vijana juu. Piga picha kwanza, kisha bandua mmoja au wawili wa pembeni kwa patasi. Ukivunja kundi zima umevunja miaka mingi ya kukua, na kitu utakachojifunza ni kilekile.

Wachukue kome wachache. Kwa kila aina unayodhani ni tofauti, watano hadi kumi kwa kituo wanatosha, wakubwa kwa wadogo. Ukikuta wapo watatu tu, chukua mmoja, wapige picha wengine na uwarudishe walivyokuwa wamekaa.

Magamba matupu yaweke kwenye kavera (mfuko wa plastiki) tofauti, yaandike "wafu". Mawimbi huyasukuma mbali, kwa hiyo gamba tupu halithibitishi kwamba kome huyo anaishi hapo. Baya zaidi ni yale marundo ya magamba yanayouzwa kwa wafugaji wa kuku. Yanavutia kweli, utakuta humo kome wazuri ajabu. Lakini muulize mwenye rundo: "Nnyabo (mama), haya yametoka wapi?" Atakujibu "Ziwani", na hajakudanganya. Yatumie kujizoeza kutambua, kamwe usiyaandike kwenye rekodi.

## Hatua ya 5: Lebo, palepale

Lebo huandikwa kwa penseli na huingia ndani ya chupa pamoja na kome. Lebo ya kubandika nje itabanduka. Spiriti huyeyusha gundi. Iandike ukiwa bado unadondoka maji, kabla ya kwenda kituo kinachofuata.

Inahitaji: namba ya sampuli, nchi, wilaya, kisiwa, jina la mwalo au ghuba, latitudo na longitudo, tarehe, kina, aina ya sakafu (mchanga, tope, mwamba, mizizi), njia uliyotumia, na jina la mkusanyaji. Jina la spishi halimo. Hilo litakuja baadaye, kwenye karatasi yake.

Sasa alama ya kutoa. Ssese iko kusini mwa Ikweta, kwa hiyo latitudo yake ni hasi. Ghuba ya Lutoboka iko karibu −0.31, 32.29. Ukisahau kialama hicho kidogo, ramani itaweka kome wako nchi kavu upande wa Mpigi. Kosa hili nimeliona kwenye rekodi za watu wenye shahada kubwa. Andika desimali tano, ambazo ni usahihi wa kama mita moja, na kabla ya kuondoka fungua ramani ya simu uhakikishe alama imetua majini.

Jaribu hivi: mpe chupa mtu ambaye hakuwa safarini. Akiweza kurudi mahali palepale bila kukupigia simu, lebo imekamilika.

## Hatua ya 6: Kulegeza, kukata, kuhifadhi

Hapa ndipo wengi wanapoangukia, kwa hiyo twende polepole.

Kome akiguswa hufumba, na misuli yake ina nguvu kuliko unavyodhani. Akitumbukizwa kwenye spiriti amefumba, anakufa amefumba. Nyama ya katikati inaoza kabla spiriti haijaifikia. Dawa yake ni kumlegeza kwanza.

Jioni ya siku uliyomkusanya, mweke kwenye beseni la maji safi yaliyotulia, pasipo na kelele wala jua. Atafunguka taratibu. Mpige picha akiwa ametoa mguu na matundu yake ya kupitishia maji, kwa sababu rangi na umbo la sehemu hizo hupotea baada ya kufa. Kisha nyunyiza fuwele za mentoli juu ya maji na ufunike beseni. Baada ya saa kadhaa mguse ukingo kwa kijiti. Akifumba, bado, mwache zaidi. Asipojibu kabisa, yuko tayari. Haraka yako haimhusu.

Sasa chomeka kijiti cha kiberiti kati ya magamba ili yasirudi kufumba, na ukate kipande cha nyama cha milimita tatu hadi tano kutoka kwenye mguu au kwenye ukingo wa utando unaotanda ndani ya gamba. Kitie kwenye kichupa chenye spiriti ya asilimia 95, chenye lebo yake na namba ileile ya kome.

Usikate kwenye viungo vya uzazi. Kwa wanyama wengi, mitokondria, vile viungo vidogo vya seli vyenye DNA yao wenyewe, hurithiwa kutoka kwa mama peke yake. Kome wengi wakubwa wa maji baridi wana mpango mwingine: dume hubeba pia mitokondria ya baba yake, na hiyo hukaa hasa kwenye korodani. Ukichanganya nyama hiyo na ya mguu wa kome mwingine, DNA itakuonyesha spishi mbili ambazo kwa kweli ni dume na jike wa spishi moja.

Kome mwenyewe, na kijiti chake mdomoni, aingie kwenye chupa kubwa ya spiriti ya asilimia 95. Spiriti iwe angalau mara tatu ya ujazo wa nyama. Kesho yake imwage na uweke mpya, maana maji ya mwilini mwa kome yameipunguza nguvu. Watu huruka hatua hii kwa kuionea spiriti huruma. Bora ununue lita moja zaidi.

Kwa kila kituo, tenga kome wawili wa kuhifadhi magamba makavu. Toa nyama yote, weka kwenye spiriti kwa namba ileile, osha magamba kwa mswaki laini. Usitumie dawa ya klorini: inakula ile ngozi ya kahawia ya nje, na rangi yake utaihitaji. Usianike juani: ngozi itapasuka na gamba jembamba litafuata. Kausha kivulini, paka mafuta mepesi ya kujipaka ukitumia pamba, kisha funga magamba mawili pamoja kwa uzi. Gamba la kushoto la kome mmoja na la kulia la mwingine hayafanyi sampuli, hata yakienea vizuri.

Siku ya tatu fungua chupa. Ikinuka spiriti tu, na nyama ni ngumu kiasi na nyeupe, umefaulu. Ikiwa ni uji wa kijivu, tupa nyama, bakiza magamba, andika kwenye daftari kwamba nyama iliharibika.

## Hatua ya 7: Picha zinazosaidia

Piga nje ya magamba yote mawili, ndani ya yote mawili, juu kwenye nundu (kile kilele cha gamba kilicho karibu na bawaba), na bawaba kwa karibu. Rula iwepo kila mara, karatasi nyuma iwe nyeusi isiyong'aa, na mwanga utoke upande mmoja ili meno yatupe kivuli. Picha ya bawaba isiyo na kivuli ni picha ya kitu cheupe.

## Hatua ya 8: Kutambua, swali kwa swali

Kwanza jua kushoto na kulia. Mshike kome nundu zikiwa juu na lile kano la kahawia linalounga magamba likielekea kwako. Gamba lililo upande wa mkono wako wa kushoto ndilo la kushoto. Pima urefu, kimo na unene kwa kalipa, uandike.

Je, ameganda kwenye mwamba, umbo halina mpango? Huyo ni *Etheria elliptica*, chaza wa Nile, ambaye Lamarck alimpa jina mwaka 1807. Bawaba yake haina meno. Wengine wana miiba, wengine hawana, mmoja ni mrefu, mwingine ni duara. Usiwagawe, ni spishi moja inayofuata umbo la jiwe lililoibeba.

Kama yuko huru, ndani ya gamba mna mng'ao wa lulu? Lielekeze kwenye mwanga na uligeuzegeuze. Tahadhari: gamba la zamani lililopigwa na jua hupoteza mng'ao na kuwa kama chokaa, kwa hiyo swali hili mwulize kome aliyekuwa hai.

Hakuna mng'ao, gamba ni nene, la pembetatu, na lina mistari ya matuta inayofuatana na ukingo: tazama bawaba. Meno makuu matatu chini ya nundu katika kila gamba, na meno marefu ya pembeni ambayo ukipitisha ncha ya sindano juu yake inakwaruza, ni *Corbicula*.

Hakuna mng'ao, gamba ni jembamba na kome mzima hafiki milimita 15 au zaidi kidogo tu: uko kwenye familia ya Sphaeriidae. Nundu ikiwa karibu na katikati, elekea *Sphaerium*. Ikiwa imesogea nyuma, kwenye upande wa kano, na kome ni mdogo mno, elekea *Pisidium*. Ikiwa imesogea mbele, gamba lina madoa ya kahawia na kome alikutwa amejifunga kwa nyuzi kwenye mizizi, ni *Eupera*. Kioo cha kukuza ni lazima hapa.

Kuna mng'ao. Je, bawaba ina meno ya kweli? Jino nene lililokunjamana karibu na nundu na ubao mrefu wa jino nyuma yake: familia ya Unionidae. Hapa Victoria ni *Coelatura*, wakiwemo *Coelatura hauttecoeuri* na *Coelatura alluaudi*, au *Nitia monceti*. Kome mchanga wa *Coelatura* hudhaniwa kuwa *Sphaerium*. Mtazame kwenye nundu. Akiwa na matuta ya kupinda kama herufi W, ni *Coelatura*.

Mng'ao upo, meno hayapo, au kuna vijivimbe vidogo tu kwenye mstari wa bawaba: familia ya Iridinidae. Mrefu na mwembamba huelekea *Mutela*. Mpana zaidi, na bawaba laini kabisa, huelekea *Chambardia* au *Aspatharia*.

Ukifika kwenye jenasi, yaani jina la kwanza kati ya yale mawili ya kisayansi, bila wasiwasi, umefanya kazi nzuri. Kushuka hadi spishi ndani ya *Coelatura* ni shughuli nyingine, na nakushauri uandike "*Coelatura* sp." badala ya kubahatisha. Mawimbi hubadilisha umbo: spishi ileile huwa fupi na iliyovimba upande wa upepo, ndefu na bapa ndani ya ghuba. Jules-René Bourguignat, Mfaransa wa karne ya 19, aliyapa magamba ya maziwa ya Afrika majina mengi kwa tofauti za namna hiyo, na waliomfuata wamekuwa wakiyafuta tangu hapo. Usiongeze.

## Hatua ya 9: Linganisha kabla ya kusherehekea

Georg Mandahl-Barth, mtaalamu wa Denmark, alichapisha mwaka 1954 kazi kuhusu moluska (kome, konokono na jamaa zao) wa maji baridi wa Uganda, na bado ndipo pa kuanzia. Kwa majina yanayokubalika leo, tafuta MolluscaBase kwenye intaneti. Kwa picha za sampuli zilizotumiwa kuzipa spishi majina, nenda kwenye mradi wa MUSSEL wa Daniel Graf na Kevin Cummings. Kwa ramani za mahali spishi zilikoonekana, hifadhidata ya GBIF, ukikumbuka yale ya alama ya kutoa. Sampuli za kulinganisha ziko kwenye makumbusho ya London, Tervuren (Ubelgiji) na Copenhagen. Karibu na nyumbani, waulize taasisi ya utafiti wa uvuvi, NaFIRRI, iliyoko Jinja, na idara ya zuolojia Makerere.

DNA ukiweza. Kipande kinachosomwa na wengi ni cha jeni ya COI ya mitokondria, chenye herufi kama 658, kwa vianzishi (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia kunakili) LCO1490 na HCO2198 vilivyochapishwa mwaka 1994. Ongeza jeni moja ya kiini cha seli, kwa mfano 28S, kwa sababu ya mambo ya mitokondria niliyoeleza. DNA na bawaba zikikubaliana, una hoja. Zikipingana, rudi kwenye lebo uangalie kama vichupa havikuchanganywa. Hiyo ndiyo sababu ya kawaida.

## Hatua ya 10: Ukibaki na kome asiye na jina

Hutokea mara chache. Masharti ya Kanuni za Kimataifa za majina ya wanyama, ICZN, hayana mjadala. Useme wazi kwamba jina ni jipya. Ueleze kwa maneno ni nini kinamtofautisha na jamaa zake. Uteue sampuli moja ya kubeba jina, holotaipu, na utaje makumbusho itakapowekwa. Ukichapisha kwa njia ya intaneti peke yake, kazi isajiliwe ZooBank, sajili rasmi ya majina ya wanyama, kabla ya kutoka, na namba ya usajili ionekane ndani yake. Bila hivyo jina halipo.

Holotaipu iwe kome uliyekuwa naye mzima: magamba yote mawili, nyama, kipande cha DNA, picha akiwa hai, vyote kwa namba moja. Ndiyo maana nilisisitiza namba. Wenzake wanaobaki wagawanye katika makumbusho zaidi ya moja, na moja iwe ndani ya nchi. Kujipa jina lako mwenyewe hakukatazwi na kanuni, ila utachekwa.

## Wanaokwenda pwani na visiwa vya bahari

Hatua ni zilezile, na mabadiliko ni machache. Pangia siku za bamvua, maji yanapokupwa mbali na kufichua miamba. Badala ya mentoli tumia kloridi ya magnesiamu: karibu gramu 75 kwa lita ya maji yasiyo ya chumvi, ukichanganya nusu kwa nusu na maji ya bahari. Jiwe ukiligeuza, lirudishe lilivyokuwa.

Kome wengi wa baharini hawahitaji samaki. Mabuu wao huelea na mikondo kwa siku au wiki, kwa hiyo kisiwa kilicho mbali sana hupokea wachache, na hapo ndipo spishi za kisiwa kimoja huzaliwa. Angalia hasa wale wanaolea watoto ndani ya gamba, kwa kuwa hawaendi mbali. Zanzibar ina vibali vyake, tofauti na vya Tanzania Bara. Na wale kome wakubwa wa *Tridacna* wako kwenye kiambatisho cha pili cha CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini: gamba lao, hata la kuokota ufukweni, kwa kawaida huhitaji kibali kuvuka mpaka.